Broers, Franklin au Russell: uanze na mihadhara ipi kuhusu teknolojia na jamii?

Ukitaka kumsikia mtu mzito akizungumza kwa kituo juu ya uhandisi na maisha ya watu, tatizo si uhaba. Video fupi zimejaa tele, kila moja na mtu wake jukwaani anayeahidi kwamba dunia iko mbioni kubadilika. Kazi ni kumpata aliyepewa saa kadhaa badala ya dakika kadhaa, akajenga hoja yake taratibu na kuirudia pale inapoyumba. Redio mbili za umma zimeifanya kazi hiyo kwa miongo mingi: BBC ya Uingereza ina mihadhara ya Reith tangu 1948, na CBC ya Canada ina ile ya Massey tangu 1961. Kwa kawaida mzungumzaji ni mmoja, mada ni moja, na mihadhara ni kadhaa.

Jukwaa la Reith si geni kwetu. Mwaka 1979 alilipanda Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, akazungumzia hali ya Afrika katika mihadhara sita, na hakuogopa kugusa hata silaha za nyuklia. Lakini kwa anayetafuta uhandisi na teknolojia yenyewe, majina ninayowapa watu ni matatu: Alec Broers (Reith, 2005), Ursula Franklin (Massey, 1989) na Stuart Russell (Reith, 2021). Wote watatu ni watu wa maabara, wala hakuna anayeisema teknolojia kwa kusikia. Ila wanatofautiana kiasi kwamba ukianza na asiyekufaa, huenda usimalize hata mhadhara wa kwanza.

Tunawapima kwa nini

Nimewaweka wote kwenye mizani ileile. Kwanza ni kiti alichokalia anapozungumza, maana aliyekaa kiwandani na aliyekaa kwenye maandamano ya amani hawaoni mashine kwa jicho moja. Pili ni hoja yenyewe. Tatu ni umri: katika fani hii mfano wa miaka kumi iliyopita unaweza kuchekesha, hivyo ni lazima kujua kipi kimechakaa na kipi bado kinadai jibu. Nne ni usikilizaji, yaani ugumu wa Kiingereza chake (wote watatu walizungumza Kiingereza), kama kuna maswali ya hadhira, na bando litakalokwenda. Mwisho, anamfaa nani. Idadi ya waliomtazama sikuitia maanani. Haisemi lolote kuhusu kitakachobaki kichwani mwako.

Alec Broers: mhandisi anayewatetea wahandisi

Anazungumzia wapi. Broers alizaliwa India mwaka 1938, akakulia Australia, kisha akafanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani kwa karibu miaka 20. Kazi yake ilikuwa kutumia miale ya elektroni kuchora mistari myembamba mno, ufundi ambao utengenezaji wa chipu unautegemea. Baadaye alirudi Cambridge na kuwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia 1996 hadi 2003. Alipopanda jukwaa la Reith alikuwa rais wa Royal Academy of Engineering, taasisi ya wahandisi wa Uingereza. Kwa hiyo huyu ni mtu wa ndani kabisa: ametengeneza, ameongoza, ameketi na wenye fedha.

Hoja yake. Mfululizo wake wa mihadhara mitano unaitwa "The Triumph of Technology", na jina halifichi kitu. Teknolojia, anasema, ndiyo itakayoamua mustakabali wa binadamu, na jamii inayowapuuza wahandisi wake inajichimbia shimo. Zama za mvumbuzi mmoja kujifungia chumbani na kutoka na ajabu zimepita. Kitu kikubwa cha leo kinahitaji timu nyingi, mara nyingi katika nchi tofauti, na mtafiti asiyejua kiwandani kunafanyika nini atabuni kisichotengenezeka. Mhadhara wa nne unahusu nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza vitu vidogo mno, ambako yuko nyumbani. Wa mwisho unahusu hatari na wajibu, na ndani yake anawadai wataalamu watoke nje wakazungumze na umma.

Mhadhara wa tatu, unaohusu ubunifu na uongozi, ndio ningeuweka mbele ya msikilizaji wa Nairobi au Dodoma. Tunayajua maonyesho ya ubunifu yetu: kijana anatengeneza mashine ya kukoboa au ya kuangulia vifaranga, anapewa cheti, anapigwa picha na mgeni rasmi, kisha mashine inarudi kabatini. Kilichokosekana hapo mara nyingi si akili. Hakuna aliyepanga nani atatengeneza za pili, za mia na za elfu, kwa bei gani, na vipuri vitatoka wapi. Broers anaizungumzia njia hiyo ndefu kati ya benchi la maabara na duka kwa namna ambayo wenzake wawili hawaigusi sana.

Udhaifu wake ni upande wa pili wa nguvu yake. Anapofika kwenye madhara huongea kama meneja wa mradi: kuna hatari, tuipime, tuieleze vizuri, tuendelee. Swali la nani hasa anayebeba madhara hayo halimkoseshi usingizi.

Kilichochakaa. Alizungumza 2005. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na iPhone ikaingia sokoni mwaka huohuo. Kwa hiyo simu ya mfukoni iliyogeuka benki, soko na gazeti haimo katika picha yake. Mifano ya vifaa imezeeka, lakini hoja ya kuwaunganisha watafiti na watengenezaji bado mbichi kabisa.

Kusikiliza kwenyewe. Kila mhadhara unafuatwa na maswali ya hadhira chini ya usimamizi wa mtangazaji Sue Lawley. Kiingereza chake ni cha moja kwa moja, isipokuwa kwenye nanoteknolojia, ambako asiye mtu wa sayansi atahitaji uvumilivu.

Anamfaa nani. Mwanafunzi wa uhandisi aliyeanza kukata tamaa, kiongozi wa kituo cha ubunifu, ofisa anayeandika sera ya viwanda, na mzazi anayejiuliza kwa nini mwanawe asome uhandisi na si udaktari.

Ursula Franklin: mtaalamu wa metali anayeuliza nani kaamua

Anazungumzia wapi. Franklin alizaliwa Munich mwaka 1921. Mama yake alikuwa Myahudi, na utawala wa Hitler ulimtupa Franklin kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa. Alinusurika, akapata shahada ya uzamivu ya fizikia mjini Berlin mwaka 1948, akahamia Canada mwaka uliofuata, na hatimaye akawa profesa wa sayansi ya metali Chuo Kikuu cha Toronto. Alikuwa pia mwanaharakati wa amani. Mapema miaka ya 1960 alishiriki katika kazi ya kukusanya meno ya watoto yaliyong'oka ili kupima strontiamu-90, mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyokuwa yakifanywa angani. Mtu aliyeshika jino la mtoto na kulipima bomu ndani yake hawezi kuzungumza kama Broers.

Hoja yake. Kwa Franklin, teknolojia ni namna ya kufanya kazi kabla ya kuwa mashine: nani anafanya nini, kwa kanuni zipi, na uamuzi uko mikononi mwa nani. Anaitofautisha kwa aina mbili. Katika aina ya kwanza fundi anaishika kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akibadili mawazo katikati ni juu yake. Katika aina ya pili kazi imekatwa hatua kwa hatua, kila hatua ina mtu wake, na aliyepanga hatua hizo hayupo chumbani. Mfano wake mkubwa hautoki kwenye viwanda vya Ulaya. Anakwenda China ya kale, enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kwenye vyombo vikubwa vya shaba nyeusi vilivyosubuliwa kwa kalibu za vipande. Kazi ya namna ile, anasema, haiwezekani bila watu wengi kufuata maelekezo kwa nidhamu, na mtu aliyefundishwa kutii kazini kutwa nzima huondoka na utii huo hadi nyumbani na kwenye siasa.

Ukitaka kuliona jambo hili bila kwenda China, mtazame fundi cherehani wa barazani. Anakupima kifua, anauliza harusi ni lini, anachora kwa chaki, anakata, anashona, na ukisema kwapa linabana anafumua palepale. Sasa ingia kiwanda cha nguo za kuuza nje, kama vile vya eneo la EPZ la Athi River. Wa kola ni wa kola, wa mfuko ni wa mfuko, na mchana kutwa hakuna anayemwona mtu atakayevaa. Cherehani ni cherehani kote kuwili. Kilichobadilika ni mpangilio. Franklin mwenyewe anatumia mfano wa cherehani: ilipoingia sokoni katikati ya karne ya 19 ilisifiwa kuwa itawapumzisha wanawake na kazi ya sindano, lakini wengi wakajikuta wamefungiwa kwenye vyumba vya kushonea kwa ujira wa kijungujiko. Anachofundisha hapo ni kwamba kila teknolojia mpya huja na ahadi za ukombozi, na ahadi hizo tuziwekee kumbukumbu ili tuje kuzidai.

Kuna wazo lake lingine ambalo naliona zito zaidi leo kuliko siku alipolisema, nalo ni la kujibizana. Mazungumzo ya ana kwa ana yanamruhusu kila mmoja kumbadilisha mwenzake. Runinga inasema, wewe unasikia, basi. Anaonya juu ya vifaa vinavyoitwa vya mawasiliano huku vikiwa vimeufunga upande mmoja. Na kuelekea mwisho anamwachia msikilizaji maswali ya kuuliza mradi wowote wa umma: je, unaleta haki? Unarudisha kujibizana? Faida yake ni ya wachache au ya wote? Unawatanguliza watu au mashine? Unalenga kuongeza faida au kupunguza maafa? Unahifadhi au unapoteza? Na tukikosea, kuna kurudi nyuma?

Haki yake apewe pia Broers. Si kila kazi inafaa kuachiwa fundi mmoja. Dawa ya malaria lazima iwe na kipimo kilekile kutoka kidonge hadi kidonge, na hilo linataka hatua zilizopangwa na watu wanaozifuata. Franklin hakatai kwamba aina ya pili ina ufanisi, ila haikawii kwake kugeuka mshtakiwa, na mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuhisi anasemwa yeye.

Kilichochakaa. Mwaka 1989 intaneti ilikuwa bado ya wachache. Mifano yake ni runinga, kompyuta za ofisini na mashine za kiwandani. Mihadhara ilitoka kama kitabu mwaka 1990, na toleo la 1999 likaongezewa sura kwa ajili ya mambo yaliyokuja baadaye. Kwa kuwa anachambua mipangilio kuliko vifaa, yeye ndiye aliyezeeka kidogo kuliko wote, jambo la kushangaza kwa aliyetangulia.

Kusikiliza kwenyewe. Hapa inabidi utulie. Sentensi zake zimeshiba, na ukishika sufuria jikoni huku unasikiliza utampoteza. Maandishi hayana sehemu ya maswali ya hadhira, ambayo ni kinaya kidogo kwa mtu anayehubiri kujibizana.

Anamfaa nani. Mwalimu, mwanahabari, mtu wa chama cha wafanyakazi, diwani anayeletewa mradi mezani autie saini, na yeyote anayehisi kwamba mfumo mpya wa ofisini umempokonya kitu asichoweza kukitaja.

Stuart Russell: mwenye nyumba anayepiga kelele moto

Anazungumzia wapi. Russell ni Mwingereza, profesa wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwandishi mwenza wa kitabu cha kiada cha akili mnemba (AI) kilichotumika vyuoni kote duniani tangu 1995. Anayeonya hapa ni aliyefundisha vizazi vya wanaozitengeneza hizo mashine. (Ukimtafuta, andika na mwaka: Reith ilifunguliwa 1948 na Russell mwingine, Bertrand.)

Hoja yake. Mihadhara minne, kwa jina "Living with Artificial Intelligence". Msingi wake ni mmoja. Tumezoea kuipa mashine lengo, nayo ikalifuata kwa nguvu zake zote. Mashine ikiwa dhaifu, lengo lililokosewa halina madhara makubwa. Ikiwa na uwezo mkubwa, itakupa ulichosema na si ulichotaka, yaliyompata mfalme Midas aliyeomba kila agusacho kiwe dhahabu akaishia kukosa hata chakula. Mfano wake wa karibu ni programu zinazokuchagulia video: zimepewa lengo la kukufanya ubonyeze, na njia rahisi ya kulifikia ni kukugeuza wewe uwe mtu anayetabirika. Pendekezo lake ni mashine isiyo na uhakika wa tunachotaka, ambayo kwa sababu hiyo inauliza, na inakubali kuzimwa.

Mhadhara wa pili ni wa silaha zinazochagua na kuua bila mtu kuamuru kila shambulio. Ndio ulionishika zaidi, maana hoja yake haihitaji roboti zenye nia mbaya: inatosha kwamba mtu mmoja anaweza kuzituma kwa maelfu, na hapo silaha ndogo inakuwa ya maangamizi. Wa tatu ni wa ajira, akianzia utabiri wa mwanauchumi John Maynard Keynes wa mwaka 1930, na anatarajia thamani ihamie kwenye kazi za mtu kumhudumia mtu. Hapa msikilizaji wa kwetu atahitaji kurekebisha mizani. Mama ntilie hana mkataba, kwa hiyo hana wa kumwachisha kazi. Na mihadhara hii inawatazama zaidi watakaopoteza kazi kwa mashine kuliko wanaozilisha, wakiwemo vijana wa Nairobi waliolipwa kusoma na kuweka alama kwenye maandishi ya ukatili ili programu zijifunze kuyakwepa.

Kilichochakaa. Mhadhara wa kwanza ulitangazwa Desemba 1, 2021. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022. Kwa hiyo chombo ambacho leo watu wengi wanakiita akili mnemba hakimo, na baadhi ya mambo aliyoyaweka mbali yamebisha hodi mapema.

Kusikiliza kwenyewe. Ndiye mwepesi kuliko wote: anatania, anasimulia, na kila mhadhara una maswali yaliyosimamiwa na Anita Anand. Maswali hayo usiyaruke, maana baadhi ya waulizaji wanamkaba vizuri.

Anamfaa nani. Anayeandika programu, mwanasheria, mwanajeshi, mwanafunzi wa kidato cha nne anayeona wenzake wote wanazungumzia akili mnemba, na mtu mwenye mashaka ambaye hajapata maneno ya kuyasema.

Wakipewa kesi moja

Tuwape kitu tunachokijua: programu ya mikopo ya simu. Umeomba shilingi elfu tano, umekataliwa ndani ya sekunde, bila sababu. Au umepewa, umechelewa siku mbili, na mjomba wako aliyemo kwenye orodha ya majina ya simu yako anapigiwa kuambiwa unadaiwa. Mambo haya yalizidi hadi Kenya ikabadili sheria mwaka 2021 na kuwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu.

Kwa kufuata hoja zao, Broers angeanza kwa kuuliza kama mfumo umejengwa vizuri, kama waliouunda waliwahi kukutana na wakopaji, na kwa nini hakuna mtaalamu aliyejitokeza kuueleza. Franklin angeuliza mkopaji anamjibu nani, na kama fedheha aliyopata mbele ya mjomba ina kurudi nyuma. Russell angeomba aonyeshwe lengo lililoandikwa ndani: kama ni fedha kurudi tu, basi kumpigia mjomba si hitilafu, ni mashine kufanya kazi yake. Kati ya maswali hayo, lile lililokugusa kwanza ndilo linakuonyesha pa kuanzia.

Kwa hali yako

Kama una wazo la kifaa na unataka kulifikisha sokoni, anza na Broers, mhadhara wa tatu, kisha wa pili. Kisha kabla hujachapisha kadi za biashara, soma maswali ya Franklin.

Kama uko kwenye kamati inayopitisha mradi, iwe ya shule, ya kata au ya hospitali, anza na Franklin, tena kwa maandishi. Yale maswali yake yanaingia kwenye karatasi moja na yanaweza kusomwa kikaoni.

Kama umebanwa na habari za akili mnemba, anza na Russell wa kwanza na wa pili, halafu uende kwa Franklin kabla ya kumaliza wa tatu. Mhadhara wa ajira unaeleweka tofauti kabisa ukishajua alichosema Franklin juu ya kazi iliyokatwa vipande.

Kama bando ni la kubahatisha, BBC imeweka maandishi ya mihadhara ya Broers na Russell bure kwenye tovuti yake, na kurasa za maandishi hula kidogo mno kuliko sauti. Sauti ipakue ukipata waifai, usikilize kwenye daladala.

Na kama unaongoza kikundi cha mjadala cha vijana, usiwachezeshee mhadhara mzima siku ya kwanza. Chukua Russell wa pili, uwape nusu saa ya kwanza, simamisha kabla ya maswali ya hadhira, na waache waulize ya kwao. Kisha mwendelee muone wale wa Uingereza waliuliza nini.